Mchaichai Chini ya Mawaridi

Mnaokuja kuniuliza waridi lipandwe na nini, huwa nawajibu upesi: panda na vitunguu, panda na mrehani, basi. Mnaandika kwenye simu zenu, mnashukuru, mnaondoka. Nikishafunga mlango roho hainitulii, kwa sababu nimewapa nusu tu. Nusu iliyobaki ndiyo inayonitisha, na nyinyi bado hamjaogopa kitu bustanini zaidi ya miiba. Leo vuteni viti.

Mimi Somoe nimelea mawaridi ya watu hapa katikati ya Dar kwa miaka mingi: nyua za nyumba za zamani pale Mnazi Mmoja, vibaraza vya Ilala, mapipa yaliyokatwa nusu juu ya mapaa ya Kariakoo. Nimeacha kwa sababu ya magoti. Maua hayajanichosha.

Kwanza mjue kwamba jiji hili halilipendi waridi. Joto linalichemsha, unyevu unaliletea ukungu, majani yanapata madoadoa meusi na kupukutika, na likipukutika linabaki na miguu mitupu kama kuku aliyenyonyolewa. Ndiyo maana linahitaji majirani. Jirani mmoja alifunike miguu, mwingine afukuze wadudu, mwingine aupoze udongo. Ila ukikosea jirani, umelimaliza.

Aliyenifundisha ni Mzee Chilumba, mtu wa Newala, aliyekuwa na kitalu kando ya barabara. Mwaka wangu wa kwanza kwake nilipanda maboga chini ya mawaridi yake, nikijua majani mapana yatatunza maji. Mvua ikanyesha. Nilipopita tena sikuona kitu ila majani ya maboga, yamepanda mpaka kwenye uzio. Mzee akasimama pale, mikono nyuma.

"Somoe, mwanangu, waridi langu liko wapi?"

"Liko humo ndani, Mzee."

"Aha. Nilidhani limeolewa."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Aliniambia waridi litafutiwe jirani asiye na njaa: mwenye mizizi mifupi, asiyependa kusambaa, asiyeziba hewa. Vitunguu vya majani na vitunguu saumu hukaa karibu kabisa na shina, kwa kuwa harufu yao inawachanganya vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaojazana kwenye vichomozo. Mrehani unakaa kwa nje kidogo, penye jua. Yale maua ya njano ya harufu kali, ambayo Wahindi hutungia mashada, yanafaa pembeni, nayo yanasaidia hata chini ya ardhi, kwa minyoo ya mizizi. Mnanaa usiuachie ardhi hata siku moja. Utie kwenye kopo, kopo uliweke juu ya tofali, na bado utauona siku moja umechungulia upande wa pili. Na kila mara acha nafasi ambayo mkono wako unapita bila kugusa jani. Kwa hali ya hewa ya hapa, bustani iliyobanana ni bustani ya ukungu.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza.

Kulikuwa na nyumba ya ghorofa moja si mbali na Mnazi Mmoja, ya mjane mmoja wa Kihindi tuliyemwita Mama Kirit. Mwanawe Kirit anaishi ng'ambo. Chini palikuwa na duka la vitambaa, juu aliishi yeye na wapangaji wachache, na nyuma kulikuwa na ua wenye ukuta mrefu. Ua ule ndio ulikuwa bustani bora niliyowahi kuishika. Mawaridi yalikuwa yale ya waridi hafifu, madogo, yenye harufu, ambayo wanawake wa pwani huyatia kwenye kikuba, kile kishada cha kuvaa kifuani, pamoja na asumini. Mama Kirit aliyachuma kila asubuhi kwa ibada yake. Katikati ya ua, kwenye chungu kilichojengewa kama kimeza cha saruji, ulikaa mrehani wake mtakatifu. Huo hakuna aliyeugusa, hata mimi niliumwagilia kwa ruhusa.

Chini ya mawaridi nilipanda vitunguu, na mbele yake mchaichai mstari mzima, na mnanaa kwenye makopo. Mchaichai aliuomba mpangaji wa chumba cha mwisho, Mama Tausi. Alikuwa mtu wa kwetu Lindi, anauza chai na vitumbua kwenye uchochoro mmoja Kariakoo, karibu na sokoni. Alishuka kila siku kabla jua halijatoka, akakata fungu lake, akaenda zake. Ulipendeza pia kwa macho. Majani yale marefu yaliifunika miguu ya mawaridi, upepo ukija yanainama yote pamoja.

Dawa ya dukani hatukutumia. Vidukari nilivikamua kwa vidole au nikavinyunyizia maji ya sabuni, na kwa hiyo miaka yote kilichonuswa na kilicholiwa viliishi pamoja kwa amani.

Mwaka mmoja masika yalichelewa kuisha. Vichomozo vikawa vingi, laini, na vidukari vikaja vingi kuliko nilivyowahi kuviona. Mama Kirit alikuwa anangoja wageni wa ibada kubwa ya familia. Kila nikija ananionyesha ua lililonyauka kabla ya kufunguka.

"Somoe, sabuni yako imeshindwa."

"Haijashindwa, Mama. Inahitaji kurudiarudia."

"Wageni hawarudiwirudiwi. Wanakuja Jumamosi."

Nikamwambia asubiri, nitakuja kila siku. Nikaja kila siku. Ile Ijumaa nikapitia kwanza kwa mteja wa Ilala, nikafika kwa Mama Kirit jua limeshapanda juu ya ukuta.

Nilipoufungua mlango wa ua, kitu cha kwanza nilichokiona ni chungu cha mrehani mtakatifu. Kilikuwa kimefunikwa shuka nyeupe, imefungwa kwa kamba chini, kama mtoto aliyekingwa baridi. Nikashangaa. Halafu nikavuta pumzi, harufu ikaniingia puani.

Harufu ile mnaijua wote mliowahi kuishi chumba chenye kunguni. Kali, kama kitunguu kilichooza ndani ya mafuta ya taa. Majani ya mawaridi yalikuwa yanang'aa. Chini, juu ya matofali, vidukari vilikuwa vimedondoka kama pumba. Nyuki mmoja alikuwa amelala chali anazunguka.

Mama Kirit akatokea kwenye ngazi, ametoka kuoga, anatabasamu.

"Umeona? Nimenunua dawa Kariakoo, kali kweli. Nimepiga mwenyewe alfajiri. Wote wamekwisha!"

Mimi nilikuwa natazama mstari wa mchaichai. Mwishoni, upande wa mlango, fungu zima lilikuwa limekatwa. Vikonyo vilikuwa vyeupe, bado vinatoa maji. Na kwenye kopo la mnanaa vilele vilikuwa vimechumwa.

"Mama," nikasema, "Mama Tausi ameshuka saa ngapi?"

"Yeye huwa anatoka gizani. Nilipopiga dawa alikuwa ameshaondoka."

"Hajaondoka gizani leo. Tazama hapa. Limekatwa sasa hivi."

Akashuka ngazi mbili, akatazama. Lile tabasamu lilimtoka taratibu, mpaka nikamwonea huruma. Akashika ukuta.

"Nilikuwa naoga," akasema. "Nilikuwa naoga, Somoe."

Nikapiga simu ya Mama Tausi. Ikaita. Ikaita tena, nikaisikia inaita juu, ndani ya chumba chake kilichofungwa. Mpangaji wa jirani akachungulia dirishani akasema Mama Tausi alichelewa, mkaa wake ulilowa kwa mvua ya usiku, ametoka mbiombio kama nusu saa sasa. Nikamwuliza Mama Kirit chupa ya dawa iko wapi. Akanipa chupa ya plastiki ya soda. Haikuwa na karatasi wala jina. Kimiminika cha rangi ya maziwa kilibaki kidogo chini. Nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikatoka mbio.

Sijui kama mmewahi kuogopa mkiwa katikati ya watu wengi. Nilipanda bodaboda, nikamwambia kijana Kariakoo, haraka. Tulivuka barabara ya Lumumba vizuri, tukaingia mitaa ya ndani, tukakwama. Mikokoteni mbele, Fuso linashusha marobota, wauza viatu wamemwaga bidhaa mpaka katikati ya njia, spika zinatangaza bei. Kila mtu niliyemwona ana kikombe mkononi. Labda hawakuwa wote, lakini ndivyo macho yangu yalivyoona: mwenye duka anakunywa, mlinzi anakunywa, mwanamke mjamzito ameegemea mlango wa kioo anapuliza chai. Nikajiuliza, ya nani hiyo? Nilishuka kwenye pikipiki nikakimbia. Yule kijana aliniita nimlipe, nami nikamjibu kwa mkono tu. Nilikuwa na magoti wakati ule.

Uchochoro wa Mama Tausi uko kati ya duka la pazia na stoo ya vyombo. Nilipopinda nikaliona jiko linawaka, sufuria kubwa linafuka, na wachukuzi watatu wamekaa kwenye benchi, vikombe miguuni pao. Nikapiga kelele.

"Msinywe! Jamani, msinywe hiyo chai!"

Wakanitazama. Mmoja akacheka. "Bi mkubwa, leo umeamkaje?"

Nikalishika sufuria kwa ncha za kanga nikalimwaga lote mtaroni. Mvuke ukanipiga usoni, nikaziba pumzi. Mmoja wa wale wanaume akasimama kwa hasira, halafu hasira ikamwisha, kwa sababu alimwona Mama Tausi.

Alikuwa ameketi kwenye ndoo nyuma ya jiko. Nilidhani ananishangaa. Kumbe hanioni vizuri. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kanga imemganda mwilini, machozi yanatiririka bila kulia, na mate yanamdondoka, naye anayafuta kwa mgongo wa mkono kama mtu mwenye aibu. Nyama za shavu zilikuwa zinachezacheza chini ya ngozi.

"Dada Somoe," akasema, "naona giza. Asubuhi yote hii naona giza."

"Umekunywa chai?"

"Nimeonja tu. Mnanaa nilitafuna njiani, na kwa mafua haya sisikii harufu wala ladha." Akashika tumbo. "Ule mchaichai ulikuwa na umande mwingi leo. Umenilowesha kifua chote."

Umande! Alilibeba fungu kifuani, kama anavyolibeba siku zote.

Nikawauliza wale wanaume nani amekunywa. Watatu wale walikuwa wanangoja ipoe. Basi nikashusha pumzi. Lakini mmoja akasema, "Mkude mwenzetu amekunywa. Au amebeba. Amejaziwa kwenye chupa yake, amepanda Fuso la Mtwara."

"Limeondoka?"

"Sasa hivi tu."

Wakasimama wote watatu bila kuambizana. Wawili wakamwinua Mama Tausi wakamweka kwenye mkokoteni, hapo hapo juu ya magunia, wakaanza kumkimbiza kwenda barabara kubwa kutafuta bajaji, wanapiga kelele "Maji ya moto! Maji ya moto!" ili watu wapishe. Wa tatu akabaki anatafuta namba ya utingo wa lile Fuso, nami nikamwachia namba yangu.

Kwenye bajaji nilimkumbatia shoga yangu asianguke. Alianza kutapika. Pumzi yake ilikuwa inatoa mlio kama mtu anayenyonya maji kwa mrija. Nikawa namsemesha mambo ya kwetu, naye akijibu neno moja moja, kisha akaacha kujibu. Hapo ndipo na mimi nikaanza kutoka jasho. Nikatazama kifua changu: nguo yangu imelowa kutokana na yake. Nikawaza, ni hofu hii, au ni dawa imeniingia? Sikuwa na njia ya kujua. Mpaka leo, nikitoka jasho ghafla hata sokoni, swali lile lile linanirudia.

Hospitali, daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo. Shikamoo haikukumbukwa na mtu. Alimfunua Mama Tausi jicho akaona mboni imekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Akageuka.

"Ameshika nini?"

Nikampa mfuko wenye chupa. Hakuifungua, alinusa kwa mbali tu, kisha akaanza kutoa amri. Mvueni nguo zote. Muosheni kwa sabuni, nywele pia. Leteni sindano. Akanitazama mimi. "Na wewe mama, umembeba? Nenda kaoge. Sasa hivi, usikae hapo."

Nikaoga kwenye bafu la hospitali, nikipiga sabuni mara baada ya mara, nikasikia kelele upande wa pili wa ukuta na vyuma vinagongana. Nilijipaka povu nikimwomba Mungu nisitoke mle ndani mapema. Niliogopa nitakachokikuta.

Nilimkuta anapumua. Daktari alisema wanamwongezea sindano kidogo kidogo, na kwamba bado hawezi kuniambia kitu. Mama Kirit alikuwa amefika, amekaa kwenye benchi la korido, miguu peku. Alisahau viatu. Nikakaa karibu naye.

Simu yangu ikalia. Namba nisiyoijua.

"Halo? Ni huko kwa mama wa chai?" Sauti ya mwanaume, na nyuma yake mngurumo wa lori.

"Wewe ni Mkude?"

"Ndiye. Utingo ananiambia nishushwe, naumwa. Mimi siumwi, mama."

"Ile chai, Mkude. Umekunywa kiasi gani?"

"Chai gani? Ile? Nilipiga funda nikatema. Ilikuwa inanuka dawa ya kunguni. Nimeimwaga hapa Mbagala. Mwambieni Mama Tausi aoshe sufuria vizuri."

Nikacheka. Nilicheka mpaka muuguzi akatokea mlangoni, na Mama Kirit akanishika mkono akidhani nimerukwa na akili. Nilipomweleza, alifunika uso akalia. Mkude tulimsihi ashuke zahanati ya kwanza aangaliwe hata hivyo. Alishuka huku ananung'unika, wakamtazama, wakamwachia.

Mama Tausi alilala hospitali siku kadhaa. Alipona. Vidole vilibaki na ganzi kwa muda mrefu, na kwa miezi hakuweza kushika sindano wala kumenya kitunguu saumu. Wageni wa Mama Kirit walikuja, ibada ikafanywa bila waridi hata moja.

Baadaye Mama Kirit alitaka ning'oe mawaridi yote. Alisimama juu kwenye ngazi, hataki kukanyaga uani, akasema, "Toa, Somoe. Toa kila kitu." Nikamwambia mawaridi hayakukosa. Tuliyakata mpaka chini, tukayamwagilia, tukayaacha mvua mbili zipite. Mchaichai wote, mnanaa wote, hata vitunguu, niliving'oa kwa glovu nikavifukia mbali, na udongo wa juu nikauondoa. Kisha nikapanda upya. Chini ya mawaridi niliweka maua ya njano tu, na yale majani ya kijivu yasiyoliwa na mtu wala mbuzi. Vya chai nikavipanda ukuta wa pili, kwenye mapipa yaliyoinuliwa, upande ambao upepo unatoka. Nikapiga mstari wa chokaa katikati ya ua. Huku pua, huku mdomo.

Kwa hiyo wajukuu, mkichagua majirani wa waridi, msiishie kuuliza mmea huu unapatana na waridi au haupatani. Ulizeni ni mkono wa nani utakaokuja kuuchuma, na saa ngapi, na kama mwenye mkono huo atajua kilichotokea jana. Mwenye nyumba anabadilika. Anayepiga dawa anabadilika. Leo unapiga sabuni, kesho mtu mwenye nia njema ananunua chupa isiyo na jina. Mmea wenyewe hauwezi kumwambia mtu.

Mama Tausi alirudi kuuza chai. Siku ya kwanza aliposhuka kutafuta mchaichai nilikuwepo, nimeinama kwenye mapipa. Alifika kwenye mlango wa ua akasimama, kisu mkononi, hakuvuka. Alitazama majani yale, kijani, safi, yanainama na upepo.

"Dada Somoe," akaita, "leo mmepiga dawa?"

"Hatujapiga, shoga yangu."

"Jana je?"

"Wala jana."

Akasubiri kidogo, ndipo akaingia. Kesho yake akauliza tena. Na kesho kutwa. Niliacha kazi ile nikamwachia bustani dada mmoja wa Temeke, naye juzi alinipigia analalamika: yule mama wa juu anamchosha, kila siku swali lile lile kabla hajakata jani, hata akijibiwa mara mbili.

Nikamwambia amjibu mara ya tatu.